Wiki 12 na Mlezi wa Kazi: Tathmini ya Huduma kwa Wabunifu Waliokabidhiwa Uongozi

Kwa miaka tisa nilikuwa mchoraji wa majalada ya vitabu, na katika miaka hiyo yote swali langu la kila asubuhi lilikuwa moja tu: je, kazi iliyo mezani kwangu ni nzuri? Kisha nikapandishwa cheo, nikakabidhiwa kikosi cha watu saba, wakiwamo wachoraji, wasanifu wa kurasa na mhariri wa picha, wala hakuna aliyenieleza kwamba swali limebadilika. Niliendelea kujiuliza lile lile la zamani, safari hii kuhusu kazi za watu wengine, na kila nilipoona kwamba jibu ni hapana nilifanya kile pekee nilichokijua, yaani nilishika kalamu nikairekebisha kazi kwa mkono wangu. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, na kikosi changu kilikuwa kimenyamaza kimya ambacho mwanzoni nilikidhania kuwa utulivu. Hapo ndipo nilipojiandikisha katika huduma ninayoitathmini hapa, ambayo humpa mtu wa kazi za ubunifu mlezi mmoja wa kazi kwa wiki 12 kwa njia ya mtandao, na wakati huo huo humwingiza katika kundi dogo la watu waliofikwa na mambo yanayofanana na yake.

Sitaitaja huduma yenyewe kwa jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na pia kwa sababu huduma za namna hii zimekuwa nyingi na nyingi zimejengwa kwa muundo ule ule. Ninachotaka ni msomaji anayefikiria kulipia mojawapo apate kipimo cha kuipimia, hasa ikiwa yeye ni mtu aliyezoea kutengeneza vitu kwa mikono yake na sasa anatakiwa kuwaongoza wanaovitengeneza.

Utaratibu ni huu. Kila wiki unazungumza na mlezi wako kwa dakika 50, na kila baada ya wiki mbili unakutana na kundi la watu sita kwa dakika 90. Kati ya vikao hivyo unaandika shajara fupi kila jioni ya siku ya kazi, unasoma makala moja au mbili, na mara tatu katika kipindi chote unawasilisha rekodi ya kikao chako halisi cha kazi, kwa idhini ya wote waliohudhuria, ili mlezi aisikilize kabla hamjazungumza. Sehemu hii ya rekodi haipewi uzito wowote katika matangazo ya huduma, ambako nafasi kubwa imepewa cheti na ramani ya safari ya kazi. Kwa maoni yangu wameipanga bidhaa yao kinyume, kwa kuwa rekodi ndiyo iliyonifaa kuliko vyote.

Mwanzo wake haukunivutia. Wiki ya kwanza yote ilitumika kujaza dodoso refu la kupima haiba, ambalo mwishowe lilinipanga katika kundi moja kati ya makundi 16 na kunipa kurasa kadhaa za maelezo kuhusu jinsi nilivyo. Nilipolijaza tena baada ya wiki tano, kwa udadisi tu, liliniweka katika kundi jingine. Sikushangaa sana, kwani ni jambo linalojulikana kwamba vipimo vya aina hii huweza kumpa mtu yule yule jibu tofauti baada ya muda mfupi, lakini nilisikitika kwamba katika kundi letu kulikuwa na mwenzetu aliyekwisha kuanza kukataa baadhi ya majukumu kazini kwake kwa hoja kwamba hayaendani na aina yake. Dodoso la namna hii linaweza kufungua mazungumzo kati ya watu wasiojuana, na hapo ndipo manufaa yake yanapokoma.

Huduma ilianza kuwa na maana kwangu katika wiki ya tatu, nilipomsimulia mlezi habari ya jalada moja. Lilikuwa jalada la riwaya, na mchoraji wetu mdogo kuliko wote, binti mwenye mkono mzuri kupita kiasi, alikuwa amemchora mwanamke aliyesimama dirishani huku ametupa kisogo msomaji, hata uso wake hauonekani. Mteja alikuwa anakuja asubuhi inayofuata. Usiku ule nilifungua faili, nikamgeuza yule mwanamke, nikampa uso, nikaongeza mwanga kwenye pazia, nikalala nikiwa nimeridhika kabisa. Asubuhi yule binti alifungua kazi yake, akaitazama kwa muda mrefu bila kugusa kitu, kisha akasema, "Asante, dada," akaifunga. Mteja alilipenda jalada. Tangu siku hiyo, kwa majuma mengi, yule binti hakuniletea tena rasimu hata moja, aliniletea kazi zilizokamilika tu, safi, zisizo na kosa wala uhai, na kabla ya kuanza kila moja alikuja kuniuliza, "Dada, wewe ungependa niwekeje?"

Nilimsimulia mlezi mkasa huu kama mfano wa kijana aliyepoteza hamasa. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jalada lile ni la nani. Nikamjibu kwamba ni letu sote. Akaniuliza tena kwamba ndani ya kitabu, pale panapotajwa mchoraji wa jalada, limeandikwa jina la nani. Lilikuwa limeandikwa la yule binti. "Basi," akasema, "jina lake limebeba uamuzi wako, na yeye hakuulizwa." Sikuwa na la kujibu. Mlezi huyu alikuwa ameongoza studio ya uhuishaji kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika ulezi, na ninaamini kwamba mtu asiyewahi kuona mstari wake ukifutwa na mwingine asingeweza kuuliza swali lile kwa wepesi ule. Kwa hiyo, kama utajiandikisha mahali popote, jambo la kwanza la kuuliza ni kazi aliyowahi kuifanya mlezi utakayepewa. Vyeti alivyonavyo vinaweza kusubiri.

Hakuniambia niombe radhi. Aliniuliza tu ningesema nini kama ningeamua kusema, tukayapima maneno pamoja, akayakataa mawili matatu yaliyokuwa na harufu ya kujitetea. Nilipomwita yule binti na kumweleza kwamba nilikosea kugeuza mchoro wake bila kumuuliza, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba hakujua kama anaruhusiwa kukataa. Sentensi hiyo ilinikaa moyoni, kwa sababu mimi kwa upande wangu ningeapa kwamba mlango wangu uko wazi siku zote.

Wiki iliyofuata makala ya kusoma ilihusu jambo hili hili. Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika miaka ya 1990 alikuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kuona kwamba vikosi vyenye uongozi bora na ushirikiano mzuri vinakosea kidogo. Takwimu zilimwonyesha kinyume chake, yaani vikosi bora vilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi aliona maelezo yanayoelekea zaidi kuwa ya kweli: watu wa vikosi hivyo hawakuwa wakikosea kuliko wenzao, bali walikuwa wakiyasema makosa yao bila hofu, ilhali kwingine yalifichwa. Mwaka 1999 alichapisha utafiti mwingine, uliohusisha vikosi 51 vya kampuni moja ya viwanda, ulioonyesha kwamba kikosi hujifunza pale ambapo watu wake wanaamini kuwa hawataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kupinga. Nilipoisoma makala hiyo niliufikiria ukimya wa kikosi changu, na rasimu zote ambazo hazikufika mezani kwangu.

Kisha ikaja rekodi ya kwanza. Niliwasilisha kikao cha dakika 40 cha kujadili michoro ya mfululizo mmoja wa vitabu vya watoto, nikiwa na hakika kwamba nimeendesha kikao cha kupigiwa mfano. Mlezi alikuwa amekipima kwa saa. Katika dakika 40 mimi nilikuwa nimezungumza kwa dakika 29. Nilikuwa nimeuliza maswali 14, na kati ya hayo aliyahesabu matatu tu kuwa maswali ya kweli. Mengine yote yalianza kwa maneno kama "huoni kwamba ingekuwa vizuri zaidi kama", ambayo yeye aliyaita amri zilizovaa joho la swali. Alinirudishia sehemu moja ambapo msanifu wa kurasa alianza kusema kwamba rangi ya ukurasa wa sita inamchanganya, nami nikamdakia katikati nikamalizia sentensi yake, na nikamalizia vibaya, kwa kuwa alikuwa anataka kusema jambo lingine kabisa. Alikubaliana nami, akanyamaza. Sauti yake ya kukubali inasikika wazi kwenye rekodi, na ni sauti ya mtu aliyekata tamaa ya kueleweka. Sidhani kama ningeamini haya yote kama ningeelezwa kwa maneno tu bila kujisikia mwenyewe.

Baada ya hapo tulitumia wiki tatu nzima juu ya jambo moja, namna ya kuhakiki kazi ya mtu bila kumnyang'anya, na hiki ndicho kitovu cha huduma yote. Njia waliyoitumia ni ile iliyoasisiwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, ambaye alikuwa amechoshwa na jinsi uhakiki unavyoendeshwa miongoni mwa wasanii. Njia yake ina hatua nne, na mpangilio wa hatua hizo ndio wenye nguvu. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa au kilichowasisimua katika kazi, bila sifa za bure. Kisha mwenye kazi mwenyewe anauliza maswali juu ya yale yanayomtatiza. Katika hatua ya tatu watazamaji ndio wanaouliza, lakini maswali yao lazima yasibebe maoni ndani yake. Maoni huja mwisho, na mwenye maoni huomba kwanza ruhusa kwa kutaja yanahusu nini, naye mwenye kazi ana haki ya kusema hapana.

Nikiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kuwa njia ya watu wenye muda mwingi. Tuliifanyia mazoezi ndani ya kundi la watu sita, kila mmoja akileta kazi halisi isiyokamilika, na ugumu wake ulijitokeza katika hatua ya tatu. Jaribu kumuuliza mtu kuhusu rangi nyekundu isiyokupendeza bila swali lako kusema kwamba haikupendezi. "Kwa nini umetumia nyekundu nyingi hivi?" si swali lisilo na maoni, kwa sababu neno "nyingi" limekwisha kutoa hukumu. "Nyekundu inafanya kazi gani katika ukurasa huu?" linakaribia. Mhariri wa filamu aliyekuwa katika kundi letu alijaribu mara tano kabla ya kupata swali moja safi, na alipolipata, mwenye kazi alilijibu kwa dakika kadhaa, akafika mwenyewe, bila kusukumwa, kwenye tatizo ambalo sisi sote tulikuwa tumeliona tangu mwanzo na tulikuwa tunawashwa na ulimi kulisema.

Nilipoipeleka njia hiyo kazini niliipunguza. Hatukuweza kupitia hatua zote nne kwa kila mchoro, na sidhani kama inafaa kufanya hivyo kazi inapotakiwa jioni ile ile. Tulibaki na mambo mawili: mwenye kazi ndiye anayefungua kikao kwa kusema anataka kusaidiwa wapi, na mimi nazungumza wa mwisho. Hilo la pili lilinitesa majuma ya kwanza. Mkono ulikuwa unanitoka wenyewe kuelekea kalamu, nikaanza kuuweka chini ya meza.

Mlezi alinionya pia dhidi ya kosa la upande wa pili, na ninamshukuru kwa hilo, kwa kuwa wapo viongozi wanaodhani kwamba kusikiliza ni kuacha kuamua. Kuna kazi ambayo kiongozi hana budi kuikataa, na mchoraji anayeachwa aendelee na wazo lililokwisha kukataliwa kimoyomoyo anaumizwa zaidi ya yule aliyeambiwa waziwazi siku ya kwanza. Tulichokubaliana ni kwamba kila kazi inapoanza iandikwe juu ya karatasi yake nani mwenye uamuzi wa mwisho na katika mambo yapi. Katika majalada, kwa mfano, tuliandika kwamba wazo na mtindo ni vya mchoraji, usomekaji wa maandishi ni wa msanifu, na kwamba mimi ninaweza kuirudisha kazi lakini siwezi kuigusa.

Nije kwenye shajara, ambayo niliianza kwa uvivu. Ni mistari mitatu minne kila jioni: nini kilisonga mbele leo, nini kilikwama, nani alikwama kwa sababu yangu. Msingi wake ni utafiti wa Teresa Amabile na Steven Kramer, waliokusanya karibu maingizo 12,000 ya shajara kutoka kwa watu 238 waliokuwa wakifanya miradi ya ubunifu katika kampuni saba, wakaona kwamba kati ya mambo yote yanayomfanya mtu amalize siku akiwa na moyo wa kazi, lililotangulia mengine ni kusonga mbele, hata kwa hatua ndogo, katika kazi yenye maana kwake. Swali la tatu halikutokana na utafiti huo bali na mlezi wangu, na ndilo lililouma. Katika wiki mbili za kwanza niliandika jina la msanifu mmoja mara sita. Alikuwa akisubiri kila siku niidhinishe vitu vidogo kabisa, upana wa pambizo na ukubwa wa herufi za vichwa vya sura, vitu anavyovijua kuliko mimi. Nilimwambia asiniletee tena. Kusema hivyo kulichukua dakika moja tu, na kumbe alikuwa ameisubiri kwa mwaka mzima.

Kuhusu muda, huduma haikuwa na mengi mapya, isipokuwa jambo moja. Paul Graham, mwanaprogramu na mwekezaji wa Marekani, aliandika mwaka 2009 kwamba ratiba ya mtengenezaji na ratiba ya msimamizi ni vitu viwili tofauti: msimamizi hukata siku yake kwa saa moja moja, ilhali anayeandika au kubuni huhitaji walau nusu siku isiyokatwa, hivyo kikao kimoja cha saa nane mchana kinaweza kumharibia mchana wote. Nilikuwa nimeishi upande wa watengenezaji kwa miaka tisa na kuwalaani wasimamizi kwa jambo hilo hilo, na bado nilipovuka upande wa pili nilianza kuwaita watu mezani kwangu wakati wowote niliojisikia. Sasa vikao vyetu vyote viko baada ya chakula cha mchana, na asubuhi simwiti mtu.

Kundi la watu sita lilikuwa na mwanamuziki anayeongoza kwaya, mhariri wa filamu, msanifu wa michezo ya kompyuta, mwandishi wa matangazo na mpiga picha anayejitegemea, pamoja nami. Tofauti zetu zilitufaa. Ilikuwa faraja kubwa kusikia kiongozi wa kwaya akieleza kwamba yeye hawezi kuimba badala ya mwanakwaya wake hata akitaka, ikabidi kila mmoja wetu ajiulize kwa nini katika fani yake kufanya hivyo kunaonekana ni kusaidia. Lakini kundi halikuwa na mwongozaji wa kutosha. Katika kikao cha nne mwandishi wa matangazo alieleza kwamba hawezi tena kujali kama tangazo ni zuri au baya, kwamba anaandika akiwa kama anajitazama kutoka mbali, na kwamba anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa kazi uliopitiliza kwa dalili tatu, yaani kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi yako au kuidharau, na kupungua kwa ufanisi, nalo limeuhesabu kuwa hali itokanayo na mazingira ya kazi, si ugonjwa. Mwenzetu alikuwa amezitaja zote tatu bila kujua. Mwongozaji alimshauri apange vizuri vipaumbele vyake, akaendelea na ratiba. Ilimbidi kiongozi wa kwaya amtafute baada ya kikao, akae naye kwa saa nzima, na amsindikize hadi alipokubali kumwona daktari na kuzungumza na mkuu wake kuhusu mzigo wa kazi. Huduma inayowaalika watu waseme yaliyo moyoni ina wajibu wa kuwa na mtu anayejua la kufanya wanapoyasema. Jambo hili niliwaandikia, nikajibiwa kwa barua fupi ya kunishukuru kwa mrejesho wangu.

Wiki ya kumi ilihusu mikataba na haki za mbunifu, na ingawa iliwalenga zaidi wanaojitegemea, mimi ndiye niliyeguswa kuliko wengi. Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, ambao ndio msingi wa hakimiliki katika sehemu kubwa ya dunia, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachomhakikishia mtunzi haki mbili zinazobaki kwake hata baada ya kuuza haki zake za kiuchumi: kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na kupinga mabadiliko ya kazi yake yanayoidhuru heshima au sifa yake. Sheria za nchi hutofautiana katika namna ya kuitekeleza, hasa kwa waajiriwa, na sisemi kwamba nilivunja sheria usiku ule wa jalada. Nasema tu kwamba karibu karne moja kabla yangu kulikuwa na watu waliokaa mezani wakaona kwamba kubadilisha kazi iliyobeba jina la mtu ni jambo zito kiasi cha kuandikiwa kifungu. Mpiga picha wetu kwa upande wake aliutoa mkataba wake wa kawaida, tukauchambua mstari kwa mstari, na kabla ya kikao kwisha alikuwa ameongeza vifungu viwili ambavyo hakuwahi kuwa navyo, kimoja cha idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya ada na kingine cha malipo ya kazi inayositishwa katikati.

Kasoro nyingine nizitaje kwa haraka. Programu ya simu ya huduma hii inakukumbusha kuandika shajara kwa arifa zisizokoma, hata siku ya mapumziko, na sikuona mahali pa kuzizima zote. Mlezi wangu alipougua katika wiki ya nane niliwekewa mbadala ambaye hakuwa amesoma chochote kuhusu mimi, tukapoteza kikao kizima kujitambulisha. Ile ramani ya safari ya kazi inayotolewa mwishoni ni mchoro mzuri wenye mishale mingi, na kila mshale unaelekea juu, kana kwamba mbunifu hawezi kuamua kwa hiari yake kubaki mchoraji hodari maisha yake yote. Nilimwonyesha yule binti ramani hiyo, akauliza kwa nini hakuna mshale wa mtu anayetaka tu kuchora vizuri zaidi. Cheti sijakichapisha.

Ni huduma ya nani, basi? Inamfaa aliyeingia katika uongozi ndani ya miaka miwili iliyopita kutoka katika kazi ya mikono au ya kalamu, mwenye kikosi kidogo anachokutana nacho kila siku, na aliye tayari kusikilizwa akiwa kazini. Asiyeweza kupata idhini ya kurekodi vikao vyake ataikosa nusu ya thamani yake, nami nisingemshauri alipe. Anayetafuta kazi mpya haimfai, ingawa matangazo yanamwalika. Kiongozi wa muda mrefu mwenye tatizo moja mahususi angefanya vyema kuomba vikao vya mlezi peke yake, bila kundi wala dodoso, lakini chaguo hilo halimo katika orodha yao ya vifurushi. Mimi nililipata kwa kuliomba kwa barua baada ya wiki 12 kwisha, na sasa nakutana na mlezi wangu mara moja kwa mwezi. Kikao kijacho tutasikiliza rekodi ambayo sikuiongoza mimi. Aliyeiongoza ni yule binti, kuhusu jalada lake jipya, na kwa hesabu yangu nimo humo kwa dakika nne.